Nimempa kila mtu ruhusa zote, mbona bado hawezi kuhifadhi?

*"Kazi yangu ni uhasibu, ila kwa kuwa najua kidogo mambo ya kompyuta, ofisini nimeachiwa na seva. Tuko watu 14. Kwenye seva ya Windows kuna folda iitwayo Pamoja, na ndani yake zimo Mauzo, Fomu na Mishahara. Kwenye kichupo cha Sharing nimewapa Everyone ruhusa zote hadi Full Control. Hata hivyo kijana wetu wa mauzo anafungua nyaraka za Word bila shida, lakini akitaka kuhifadhi anakataliwa. Nikaenda kwenye Security nikaliwekea kundi la mauzo alama ya Write, bado. Nikijaribu mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye seva, kila kitu kinakubali. Folda ya Mishahara niliwaachia watu watatu tu. Faili ya mwezi huandaliwa ndani ya Fomu kisha huburutwa kwenda Mishahara. Juzi mwenzetu asiyehusika alitumiwa kiungo cha faili hiyo kwa makosa, akabofya, ikafunguka! Nilishtuka, nikaweka Deny kwa Everyone kwenye Mishahara, na sasa hata mimi siingii. Nimejaribu pia kumwingiza mtu kwenye kundi, hakuna kilichobadilika. Je, mfumo umeharibika? Nifute ruhusa zote nianze upya?"*

Usifute kitu. Mfumo wako ni mzima, na kila ulichokieleza, hata ile faili ya mishahara iliyofunguka mbele ya asiyehusika, ni Windows ikitekeleza maagizo iliyopewa. Shida ni kwamba maagizo hayo yametolewa katika sehemu mbili ambazo haziulizani, na mengine hukuyatoa wewe, yalikuwepo kabla hujafika.

Tuanze na hizo sehemu mbili, maana nusu ya barua yako inajibiwa hapo. Mtu anayefikia faili kupitia mtandao hupita geti kwanza, kisha mlango wa chumba. Geti ni ruhusa za kushirikisha folda, zile za kichupo cha Sharing. Ni chache na butu: kusoma (Read), kubadili (Change), au udhibiti kamili (Full Control), basi. Hazijui faili hii wala ile, zinahesabu folda nzima iliyoshirikishwa kama kitu kimoja. Mlango wa chumba ni ruhusa za NTFS, yaani mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, zile za kichupo cha Security. Hizi zimeandikwa kwenye diski yenyewe, kila faili na kila folda na orodha yake, na ndani ya orodha kuna mistari: fulani aruhusiwe hiki, kundi fulani liruhusiwe kile.

Mlinzi wa geti na mlinzi wa mlango hawana mawasiliano. Kila mmoja anatazama orodha yake na kutoa jibu lake, na mgeni anaondoka na kile tu ambacho wote wawili wamekikubali. Geti likisema "kubadili" na mlango ukisema "kusoma", mtu atasoma. Geti likisema "kusoma" na mlango ukisema "udhibiti kamili", bado atasoma tu. Kwa hiyo ulipowapa Everyone Full Control kwenye Sharing hukumpa mtu yeyote faili yoyote. Uliacha geti wazi, watu wakafika kwenye milango ya vyumba na kukuta milango ina masharti yake.

Huenda unajiuliza kwa nini wawepo walinzi wawili. Ni urithi wa historia. NTFS ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Diski za FAT zilizokuwa zikitumika kabla yake hazina mahali pa kuandika ruhusa za mtu mmoja mmoja. Kwenye diski ya aina hiyo geti ndilo ulinzi pekee ulio nao. NTFS ilipoleta milango yenye kufuli, geti halikuondolewa. Mpaka leo ukishirikisha flashi ya FAT kwenye mtandao, geti ndilo linalobaki.

Hapo pia ndipo ulipodanganywa na jaribio lako la kwenye seva. Ukikaa mbele ya seva na kufungua D:\Pamoja moja kwa moja, hukupita getini, umezaliwa ndani ya ua. Ruhusa za Sharing hazikuulizwa kabisa. Zaidi ya hapo ulikuwa umeingia kama msimamizi, na wasimamizi kwa kawaida wana udhibiti kamili tangu kwenye mzizi wa diski, yaani ngazi yake ya juu kabisa. Jaribio la namna hiyo linakueleza habari zako wewe tu. Kipimo cha kweli ni kukaa kwenye kompyuta ya kijana wa mauzo, akiwa ameingia kwa akaunti yake, ukifuata njia ya mtandao kama anavyofuata yeye.

Sasa tumfuate huyo kijana. Ruhusa ya kusoma ameipata wapi ilhali hukumpa? Ameirithi. Windows inapoandaa diski ya data, mzizi wa diski huja na mistari yake: wasimamizi na mfumo wana udhibiti kamili, watumiaji wote wa kawaida wanaruhusiwa kusoma, na upo mstari maalumu uitwao CREATOR OWNER unaompa udhibiti kamili yeyote aliyeunda faili, kwa faili hiyo. Kila folda unayoiunda chini ya mzizi hurithi mistari hiyo isipokuwa ukate urithi kwa makusudi. Mwulize kijana kama nyaraka alizozianzisha mwenyewe zinahifadhika. Akikujibu kwamba hizo hazina shida ila za wenzake ndizo zinazogoma, basi umeshaona CREATOR OWNER akifanya kazi.

Na ile alama ya Write? Nakuelewa kabisa: mtu anataka kuandika, unampa kuandika. Ila tazama kwa karibu Word inavyohifadhi. Haifungui waraka wa zamani na kuandika juu yake. Inaunda faili ya muda ndani ya folda ileile, inaimwagia waraka mzima, kisha inauondoa ule wa zamani au kuubadilisha jina, na mwisho faili ya muda inapewa jina la waraka. Excel nayo inakwenda kwa mtindo huohuo. Hatua ya kuunda faili mpya inakubaliwa na Write. Hatua ya kuondoa au kubadilisha jina inahitaji ruhusa ya kufuta, na Write haina kufuta ndani yake. Kijana wako anafika mlangoni na waraka mkononi, anaambiwa cha zamani hakiondoki, Word inalalamika, naye anakuja kwako. Anachohitaji ni Modify, ambayo ni kusoma, kuandika na kufuta kwa pamoja. Kwa kazi za ofisi, mtu anayehariri nyaraka mpe Modify. Write peke yake ina matumizi machache sana, kwa mfano folda ambayo watu wanaangushia ripoti zao na hawapaswi kuzigusa tena.

Full Control je? Tofauti yake na Modify ni kwamba mwenye Full Control anaweza kubadilisha ruhusa zenyewe na kujitwalia umiliki. Mfanyakazi wa kawaida hana haja nayo. Hata kwenye geti ningekushauri uishushe iwe Change. Sababu ni hii: aliyeunda faili ndiye mmiliki wake, na mmiliki kwa kawaida anaweza kubadilisha ruhusa za faili yake. Geti likiwa Change, hawezi kufanya hivyo kupitia mtandao hata kama ni mmiliki. Ni moja ya mambo machache ambayo geti linayafanya vizuri kuliko mlango.

Tuje kwenye faili ya mishahara, maana hapo ndipo watu wengi huona Windows imewasaliti.

Faili huipata orodha yake ya ruhusa siku inapozaliwa, na huirithi kutoka kwenye folda ilimozaliwa. Yako ilizaliwa ndani ya Fomu, ambako watumiaji wote wanasoma. Ulipoiburuta kwenda Mishahara, folda zote mbili zikiwa kwenye diski ileile na ndani ya folda ileile iliyoshirikishwa, Windows haikuisogeza kwa maana halisi. Ilibadilisha anwani tu. Yaliyomo hayakuguswa, na orodha ya ruhusa kwa kawaida nayo haiguswi. Faili ilihamia chumba cha siri ikiwa bado imevaa vazi la chumba cha wazi. Ungeinakili, yaani uifanye nakala mpya ndani ya Mishahara na kufuta ile ya Fomu, nakala ingezaliwa Mishahara na kurithi masharti ya huko.

Lakini yule mwenzako haruhusiwi kuingia Mishahara, aliifikiaje? Hili nalo halijulikani sana. Windows huwapa watumiaji haki ya kupita folda za njiani bila kukaguliwa ili mradi wanajua anwani kamili ya kitu wanachokiendea. Akibofya folda ya Mishahara anakataliwa, kwa sababu anaomba kuona orodha ya vilivyomo. Akipewa kiungo chenye njia nzima hadi jina la faili, Windows inakwenda moja kwa moja kwenye faili na kuiuliza faili yenyewe: huyu aruhusiwe? Na faili, ikiwa na orodha yake ya kutoka Fomu, ikajibu ndiyo. Kutokuionyesha folda si kuifunga. Ndiyo maana pia ile mbinu ya kuongeza alama ya $ mwishoni mwa jina la folda iliyoshirikishwa ili isionekane mtandaoni siihesabu kuwa ulinzi. Inapunguza macho tu, mwenye kulijua jina anaingia kama kawaida.

Jambo moja la kukuchekesha kidogo: ulipoweka Deny kwenye Mishahara, Windows iliteremsha urithi upya kwa vyote vilivyomo, na faili zilizokuwa zimebeba mistari ya kurithi kutoka Fomu zikabadilishiwa. Kwa hiyo kosa lako la pili lilirekebisha kosa la kwanza. Bei yake ni kwamba sasa hakuna anayeingia.

Deny nitaisema wazi: katika miaka yangu ya kazi hii sijaona mara nyingi ikitumika mahali pake. Sheria ya ndani ya kila mlango ni kwamba ruhusa zinajumlishana. Mtu akiwa ndani ya makundi matatu, anapata jumla ya yanayoruhusiwa na yote matatu. Deny ndiyo inayovunja hesabu hiyo: mstari wa kukataza huangaliwa kabla ya mistari ya kuruhusu, ukimgusa mtu amekwisha, haijalishi ana ruhusa ngapi nyingine. Na Everyone maana yake ni kila mtu, pamoja na wale watatu, pamoja na wewe, pamoja na msimamizi. Nyongeza ya kukuchanganya zaidi ni kwamba ruhusa iliyoandikwa kwenye faili yenyewe huishinda Deny iliyorithiwa kutoka juu, kwa hiyo hata ukuta huo una matundu. Kumzuia mtu hakuhitaji Deny. Inatosha jina lake, au kundi lake, lisiwepo kwenye orodha. Asiyetajwa haingii.

Kutoka ulipojifungia si kugumu. Ingia kwenye seva yenyewe kama msimamizi, lakini kabla ya kugusa chochote hifadhi hali ya ruhusa ilivyo sasa. Fungua dirisha la amri kwa hadhi ya msimamizi uandike:

`icacls D:\Pamoja /save C:\ruhusa.txt /t /c`

Hiyo inaandika orodha za ruhusa kwenye faili moja. /C inaiambia iendelee hata ikikwama mahali, na ni lazima itakwama Mishahara. Kumbuka inahifadhi ruhusa, si nyaraka. Nakala ya akiba ya nyaraka ni kazi nyingine na natumaini unayo. Kisha ondoa Deny:

`icacls D:\Pamoja\Mishahara /remove:d Everyone`

Ikiwa folda inamilikiwa na kundi la wasimamizi, hilo litakubali ingawa Deny inasema hapana, kwa sababu mmiliki hanyimwi haki ya kurekebisha ruhusa za mali yake. Ikikataa, basi mmiliki ni mtu mwingine, na utaanza kwa kuuhamishia umiliki kwa wasimamizi: `takeown /f D:\Pamoja\Mishahara /a`, kisha urudie amri ya juu. Faili za ndani zilizoundwa na wale watatu zinaweza kugoma zenyewe. Zikigoma, ongeza /r kwenye takeown ili ishuke hadi ndani, halafu:

`icacls D:\Pamoja\Mishahara\* /reset /t /c`

Amri hii ya mwisho inafuta mistari iliyoandikwa kwenye faili za ndani na kuzilazimisha zirithi kutoka Mishahara. Kwa hiyo hakikisha kwanza Mishahara yenyewe ina orodha sahihi: urithi wake kutoka juu umekatwa, wasimamizi na SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe) wana udhibiti kamili, kundi la wale watatu lina Modify, na hakuna mwingine. SYSTEM usiiondoe hata kama inakutia wasiwasi kuiona hapo. Programu nyingi za kutunza nakala za akiba zinafanya kazi kwa jina hilo, na ukiiondoa utagundua siku unayoihitaji nakala.

Umesema pia ulimwingiza mtu kwenye kundi na hakuna kilichobadilika. Hapa tatizo ni wakati. Mtu anapoingia, mfumo humtengenezea tokeni, kitu kama beji, yenye utambulisho wake na makundi yake yote kama yalivyo saa hiyo. Walinzi wanasoma beji, hawapigi simu kuuliza kama kuna mabadiliko. Ukimwongeza kwenye kundi saa nne asubuhi, beji aliyoivaa saa mbili haina kundi hilo. Atoke kabisa kwenye akaunti na kuingia tena. Kufunga skrini hakutoshi, na kufunika kompyuta ya mapajani ni kuilaza tu. Nikiwa na haraka namwambia mtu aiwashe upya kompyuta, inamaliza ubishi. Kama ofisi yenu iko kwenye domeni, yaani akaunti zote zinatunzwa mahali pamoja kwenye seva inayotambua kila mtu, amri `whoami /groups` kwenye kompyuta yake itaonyesha makundi yaliyomo kwenye beji yake. Kama hamna domeni, makundi yako kwenye seva na amri hiyo haitakuonyesha.

Beji hiyo ina jambo lingine linalostahili dakika moja. Kinachoandikwa kwenye orodha za ruhusa si jina la mtu, ni namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Jina unaloliona ni tafsiri tu. Nilijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kufuta akaunti ya mfanyakazi nikidhani ameacha kazi, kumbe alikuwa likizo. Aliporudi nikaiunda tena kwa jina lilelile na nywila ileile, nikajiona mjanja. Hakuna folda hata moja iliyomtambua, na kwenye kila orodha ya ruhusa palipokuwa na jina lake pamebaki ile namba tupu isiyo na mwenyewe. Kwa mfumo alikuwa mtu mpya anayefanana jina na marehemu. Ilinichukua siku nzima kumrudishia, kwa sababu nilikuwa nimempa ruhusa kwa jina lake folda baada ya folda. Ningekuwa nimetoa ruhusa kwa kundi, ningemwingiza kundini na kwenda kunywa maji.

Ndiyo sababu nasisitiza makundi hata kwa watu 14. Uwe na kundi la Mauzo na kundi la Mishahara, uyape makundi ruhusa mara moja, na baada ya hapo usifungue tena kichupo cha Security. Mtu akija au akiondoka, unagusa kundi tu.

Sasa, ufanyeje na Pamoja? Unaweza kuiacha ilivyo: geti liwe Change kwa watumiaji waliotambulika (Authenticated Users) na udhibiti kamili kwa wasimamizi, kisha kazi yote ya kuchuja ifanyike mlangoni, ukikata urithi kwenye ngazi ya kwanza ya folda tu. Mauzo ina kundi lake, Mishahara lake, Fomu wanasoma wote. Usikate urithi tena ndani zaidi. Nimeona seva ambazo urithi umekatwa ngazi ya tatu, ya tano, ya saba, na hakuna binadamu anayeweza kusema nani anaona nini. Au unaweza kuitoa Mishahara nje ya Pamoja kabisa, iwe folda ya peke yake iliyoshirikishwa kwa geti lake, na geti hilo lenyewe liwajue wale watatu tu.

Mimi ningechagua hili la pili. Ukihamisha faili kwa mtandao kutoka Fomu kwenda folda iliyoshirikishwa peke yake, kompyuta inalazimika kuinakili na kufuta ya zamani, kwa hiyo inazaliwa upya na ruhusa za huko, na mtego uliokunasa unapoteza meno. Na hata faili ikija na ruhusa mbovu, asiyehusika anakwama getini. Hasara zipo: wale watatu watakuwa na anwani mpya ya kuzoea, na kama kuna vitabu vya Excel vinavyochota tarakimu kutoka faili za Mishahara kwa anwani ya zamani, viungo hivyo vitakatika na mtaviunganisha kwa mkono. Faili yenyewe ni afadhali ianzishwe humohumo Mishahara tangu mwanzo wa mwezi. Kuiandaa Fomu ina maana kwamba kwa siku kadhaa kila mtu anaweza kuisoma, na hilo hakuna ruhusa ya Mishahara itakayolitibu.

Kuhamia kwenye hifadhi ya mawinguni, ambako pengine umeshashauriwa, hakuondoi mambo haya. Yanabadilika majina. Huko mtego mkubwa ni kiungo ambacho yeyote aliye nacho anafungua.

Kuna sauti nyingine utakayoisikia ofisini: kwa nini tusimpe kila mtu kila kitu tufanye kazi? Tatizo si kwamba wenzako ni wabaya. Programu haribifu inayofunga faili na kudai fidia inafanya kazi kwa beji ya mtu aliyeifungua. Ikiingia kupitia kompyuta ya kijana wa mauzo, itafunga kila faili ambayo kijana wa mauzo anaweza kuiandikia, na itaiacha ile asiyoweza. Na ukikuta seva au kompyuta ya zamani bado inatumia SMB toleo la 1, lugha ya zamani ya Windows ya kushirikisha faili mtandaoni, izime. WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia kasoro ya toleo hilo.

Kama siku moja mtabadilisha seva na kununua kisanduku cha kuhifadhia data, vingi vya hivyo vinaendeshwa na Linux na Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufikia faili zilizo kwenye Linux. Milango miwili ipo vilevile: mipangilio ya Samba ndiyo geti, ruhusa za faili ndizo mlango. Tofauti ya kuikumbuka ni kwamba kwa ruhusa za kawaida za Linux, kufuta faili ni haki inayotoka kwenye folda, si kwenye faili. Unaweza kuifanya faili isiandikike na mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda bado ataifuta.

Kabla hujaanza, fanya ukaguzi mdogo utakaokuokolea masaa. Kwenye seva fungua Computer Management, uingie Shared Folders kisha Sessions, kijana wa mauzo akiwa ameunganishwa. Utaona seva inamjua kwa jina gani. Mara nyingine kompyuta imehifadhi nywila ya mtu mwingine aliyewahi kuitumia, na mtu anabisha hodi kwa jina lisilo lake huku wewe ukihangaika na ruhusa za jina lake halisi.

Na kuna mahali pa kusimama. Ukigundua kwamba ile Deny uliiweka juu zaidi ya Mishahara, kwenye mzizi wa diski au kwenye diski ya C:, usiendelee kujaribu amri. Mwite fundi wa seva aje akae mbele ya mashine. Vivyo hivyo kama seva hiyo ndiyo pia inayoendesha domeni, kwa sababu kosa hapo linawagusa wote 14 kwa mpigo. Faili zikikataa kufunguka hata baada ya umiliki kuwa wa wasimamizi, huenda zimefungwa kwa usimbaji wa Windows, na hapo umiliki hausaidii, unahitajika ufunguo wa aliyezifunga. Usifute akaunti yake kwa hali yoyote. Kuhusu mishahara iliyokwisha kuonekana, hilo si la fundi. Mweleze msimamizi wako leo nani aliifungua, lini, na kwamba alitumiwa kiungo kwa makosa, kabla habari hazijamfikia kwa njia nyingine.